Nyumba ya Kupanga Dodoma: Mji Uliotangulia Nyumba Zake

SEHEMU YA 1: Kwa nini muuguzi anaongelea kodi ya nyumba

 Mmezoea kunisoma kwenye mambo ya uji, chanjo na kunyonyesha. Wiki hii natoka kidogo nje ya kliniki, lakini sitaenda mbali. Naomba tuongelee nyumba. Nyumba ya kupanga.

Kliniki tunapompokea mama mjamzito kwa mara ya kwanza, tunamuuliza jina, umri, mimba ya ngapi, halafu tunauliza: unaishi wapi? Ni swali dogo, lakini hapa Dodoma limekuwa gumu. Utasikia, "Kwa sasa niko Chang'ombe, ila mwezi ujao tunahama." Unahamia wapi? "Bado hatujapata, dalali anatafuta." Huyo mama ana miezi saba. Ukimpangia tarehe ya kurudi, hajui atakuwa mtaa gani. Namba ya mjumbe hana, jirani wa kumsindikiza usiku uchungu ukianza hamjui.

Watu wengi husema tatizo la nyumba Dodoma lilianza 2016, serikali ilipohamia. Si kweli. Limeanza zamani sana, na lina mtiririko wake. Ukiuelewa utaona kwamba wewe unayehangaika na kodi ya miezi sita hujashindwa maisha. Umeingia katikati ya hadithi ambayo ilianza kabla bibi yako hajazaliwa. Nitaisimulia kwa vipande vifupi, kaa na mtoto mapajani usome.

SEHEMU YA 2: Tembe haikuwa na mwenye nyumba

Kabla ya mji huu kulikuwa na Ugogo. Wagogo walijenga tembe: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa bapa lililofunikwa kwa udongo, imezunguka uwanja wa katikati ambamo ng'ombe na mbuzi walilala. Juu ya paa walianika nafaka. Kijana akioa, alipata nafasi ndani ya tembe ya wazazi au akajenga yake pembeni. Ulihitaji miti, udongo, maji na watu wa kukusaidia. Neno "kodi ya mwezi" halikuwepo.

Tena zamani Mgogo ndiye aliyekuwa anatoza! Misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi kavu isiyo na maji mengi, na watemi waliwatoza hongo ndipo wapite. Mgeni ndiye aliyelipia kukaa kwenye ardhi ya wenyeji. Shika hilo, maana baadaye mambo yatageuka.

Lakini nisiwadanganye kwa kusifia tu ya kale. Kama muuguzi nakwambia tembe ilikuwa na magonjwa yake. Ndani giza, moshi, mifugo karibu. Kwenye nyufa za udongo walijificha papasi, wadudu wanaoeneza homa ya papasi, ugonjwa uliojulikana sana nyanda hizi na hatari kwa wajawazito. Na kwa kuwa maji yalikuwa mbali, watoto waliugua trakoma, wengine wanaita vikope, inayopofusha polepole. Kongwa, wilaya ya mkoa wetu huu, imefanyiwa utafiti wa trakoma kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo: uso wa mtoto unahitaji maji, na maji hayapo.

Kwa hiyo mabadiliko yalihitajika. Swali ni yalikujaje.

SEHEMU YA 3: Reli ikaja, na kota zake

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, ikafika hapa Dodoma takriban 1910, ikaendelea hadi Kigoma 1914. Hapo ndipo Dodoma ilipoacha kuwa malisho na visima, ikawa stesheni, boma, maduka.

Mji wa kikoloni ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Uhindini mpaka leo ni jina la eneo mjini. Waafrika walijengewa kidogo sana, kwa sababu serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika kama mtu wa kuja mjini kufanya kazi na kurudi kijijini. Mke na watoto hawakuwa kwenye hesabu.

Aliyebahatika kuajiriwa reli au serikalini alipata kota. Hili ni jambo la kuzingatia: nyumba ilikuja na kazi. Hata baada ya uhuru, mwalimu, mganga, askari, karani alitarajia nyumba ya serikali. Ilikuwa ndogo, choo cha nje, lakini hakuna dalali aliyekugongea mlango.

Asiyekuwa na ajira alijenga banda pembeni au alipanga chumba kwa mtu aliyetangulia. Hao ndio wapangaji wa kwanza wa Dodoma: wachukuzi, wauza pombe, mafundi, na wanawake waliokuja mjini peke yao.

SEHEMU YA 4: Amri ya 1973

Sasa tuje kwenye maamuzi makubwa. Mwaka 1971 kulikuwa na Operesheni Dodoma, watu wa mkoa huu wakahamishwa kutoka makao yao yaliyotawanyika kwenda vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino akishiriki kufyatua matofali na wanakijiji. Ikulu ya Chamwino unayoisikia leo ina mizizi hapo. Tembe nyingi ziliachwa wakati huo.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1973, TANU ikaamua makao makuu yahamie Dodoma. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyoiita CDA, ikiongozwa na George Kahama. Kampuni ya ushauri kutoka Toronto, Kanada, ikachora mpango wa mji uliokamilika 1976. Lengo lilikuwa kuhama ndani ya miaka kumi. Ukitembea Area A, Area C, Area D, sikiliza majina yenyewe: ni mji uliochorwa karatasini kwanza.

Miaka kumi ikapita, serikali haikuja yote. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula hela, mafuta yakapanda bei, uchumi wa miaka ya themanini ukayumba. Nyumba zilizojengwa zilikuwa chache na nyingi zilimlenga mtumishi. Chama kikaja, baadaye Bunge. Wenyeji wa siku nyingi wanakumbuka: Bunge likikaa, vyumba vya wageni vinajaa na bei inaruka. Bunge likiahirishwa, mji unalala. Hiyo ilikuwa dalili mapema kabisa ya kitakachotokea wageni wakija na wasiondoke.

Jambo jingine la CDA ni ardhi. Ardhi yote ya eneo la makao makuu ilikuwa mikononi mwake, wewe unapewa umiliki wa miaka 33 tu. Kupata kiwanja kilichopimwa kulikuwa na foleni na gharama. Asiyeweza alijenga bila kibali, na waliojenga bila kibali walibomolewa. Nani alijenga zaidi vyumba vya kupangisha vya bei ndogo? Ni haohao waliojenga pasipopimwa. Kwa hiyo kila nyumba iliyobomolewa iliondoka na vyumba vinne vitano vya wapangaji. Mwenye nyumba alikuwa na pa kulalamikia. Mpangaji alibeba godoro.

SEHEMU YA 5: Sheria iliyokulinda, na siku ilipoondoka

Sehemu hii wengi hamjaisikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Turudi nyuma mpaka Glasgow, Uskoti, mwaka 1915. Ni wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume wengi wako vitani, viwanda vya silaha na meli vimevuta maelfu ya wafanyakazi mjini, nyumba hazitoshi, wenye nyumba wanapandisha kodi. Unaona inavyofanana na kwetu? Wanawake wakakataa. Mmoja wa viongozi wao alikuwa mama wa nyumbani aitwaye Mary Barbour. Walilipa kodi ya zamani tu, nyongeza hawakulipa. Mtu wa kuwatoa alipokuja, walipiga kengele na masufuria, wakajaa kwenye ngazi, wakamzuia. Novemba 1915 wapangaji walipoburuzwa mahakamani, umati mkubwa ukaandamana. Kabla mwaka haujaisha Uingereza ilikuwa imetunga sheria ya kuzuia kodi isipande wakati wa vita.

Kumbe akina mama wenye watoto mgongoni ndio waliosababisha sheria ya kodi za nyumba! Na Waingereza waliitumia njia hiyo ya kudhibiti kodi kwenye makoloni yao pia, ikiwemo Tanganyika.

Baada ya uhuru tukaendelea nayo kwa namna yetu. Shirika la Nyumba la Taifa likaundwa 1962. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi iliyokuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Halafu ikaja Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, namba 17 ya mwaka 1984. Sheria hii iliweka kodi ya kiwango. Ilianzisha mabaraza ya nyumba ya mikoa. Mwenye nyumba hakuweza kukutoa kwa kuwa tu amepata mtu wa kulipa zaidi. Ilibidi aende barazani na sababu: hujalipa, umeharibu, au anaihitaji nyumba kwa ajili yake.

Je, ilifanya kazi vizuri? Si sana. Wengi hawakujua ipo. Kodi zilizobanwa chini sana ziliwafanya wenye nyumba wasikarabati, na majengo ya umma yaliyochakaa mliyaona wenyewe. Wengine walichukua hela ya pembeni. Wapo waliosema kwa haki kabisa kwamba sheria ile ilikatisha watu tamaa ya kujenga.

Basi mwaka 2005 Bunge likaifuta, kupitia marekebisho ya sheria mbalimbali. Tangu hapo kodi ya nyumba ni makubaliano yako na mwenye nyumba, soko liamue. Wenzetu Kenya walibaki na sheria yao ya zamani, lakini inamgusa tu mpangaji wa chumba kisichozidi shilingi 2,500 za kwao kwa mwezi, kwa hiyo kwa mjini ni kama haipo.

Na kumbuka kota. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwa wanaishi humo. Waliouziwa walipata neema, siwalaumu. Ila mwalimu na muuguzi waliokuja baadaye walikuta kazi ipo, kota haipo. Nao wakaingia mtaani kutafuta chumba.

Sasa weka haya mawili pamoja. Ndani ya miaka michache, kota zimeuzwa na sheria ya kodi imefutwa. Mpangaji akabaki mtupu. Na kundi kubwa kuliko yote la wageni wa Dodoma lilikuwa bado halijafika.

SEHEMU YA 6: Hamia Dodoma

Dalili zilianza na vyuo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa 2007, pamoja na vyuo vingine vilivyokuwepo na vilivyofuata. Wanafunzi wasiopata hosteli hupanga wawili wawili, watatu watatu kwenye chumba kimoja. Watatu wakichanga, wanamshinda bei baba mwenye familia anayelipa peke yake.

Kisha Julai 2016. Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, safari hii kweli. Waziri Mkuu Majaliwa akahamia mwaka huohuo. Mei 2017 CDA ikavunjwa, shughuli zake zikaenda kwa manispaa. Aprili 2018 Dodoma ikawa Jiji. Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kutoka Dar es Salaam.

Tazama hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji. Sensa ya 2022 ilikuta 765,179. Yaani kwa kila watu 100 waliokuwepo, miaka kumi baadaye walikuwa 186. Nyumba haiongezeki kwa kasi hiyo. Mwenye nyumba wa kawaida Dodoma hajengi kwa mkopo wa benki. Anajenga kwa hela yake: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, paa Mungu akipenda.

Na waliokuja si watumishi peke yao. Wamekuja mafundi, walinzi, mama lishe, bodaboda, mabinti wa kazi za ndani, na vijana waliosikia Dodoma kuna hela. Mtumishi aliyehamishwa na mwajiri ana stahiki zake za uhamisho. Mama lishe hana. Lakini wanatafuta chumba kilekile kwa dalali yuleyule.

Kilichofuata unakijua. Chumba cha kawaida kikawekwa vigae na choo ndani, kikaitwa masta, bei nyingine. Aliyekuwa anapanga Kikuyu akasogea Nkuhungu, wa Nkuhungu akasogea Nala. Ilazo, Nzuguni, Mkonze, Ihumwa, kote kukajaa. Halmashauri ya Jiji ikapima na kuuza viwanja vingi, mpaka Dodoma ikaongoza nchini kwa mapato ya ndani. Shirika la Nyumba likajenga Iyumbu, Watumishi Housing wakajenga Njedengwa, Wakala wa Majengo wakajenga Nzuguni. Kazi nzuri, nisiibeze. Ila nyingi ya nyumba hizo ni za mwenye mshahara wa uhakika. Anayeuza vitumbua Sabasaba hazimhusu.

Mnaona mtiririko? 1910 reli ilivuta watu, nyumba zikafuata taratibu. 1973 amri ilivuta watu, nyumba zikafuata taratibu. 2016 vilevile. Amri ya kuhamia inatolewa siku moja. Nyumba inajengwa kwa miaka. Katikati ya hayo mawili ndipo mpangaji anapoishi, na watoto wake.

SEHEMU YA 7: Miezi sita kwa mkupuo, na mwili wa mtoto

Sasa nirudi kwenye kazi yangu.

Watu wakilalamika kodi hutaja bei ya mwezi. Mimi nadhani kinachoumiza zaidi ni mkupuo. Tufanye hesabu ya mfano tu. Chumba shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 360,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 60,000. Jumla 420,000, siku moja, kabla hujanunua hata pazia. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilikuwa shilingi 370,000 kuanzia Julai 2022, kikapanda hadi 500,000 Julai 2025. Na huyo ni mwenye ajira rasmi. Wa kipato cha kutwa afanyeje?

Tumwelewe pia mwenye nyumba. Wengi ni wajane, wastaafu, watu wa kawaida. Benki haimkopeshi kirahisi, kwa hiyo miezi sita yako ndiyo mkopo wake wa bati na nondo, tena usio na riba. Wewe mwenye chumba kimoja ndiye benki yake! Si ukatili wa mtu mmoja, ni namna mji huu unavyojengwa. Ila mzigo unaangukia kwa asiye na akiba.

Mzigo huo sisi wauguzi tunaukuta mwilini. Tuchukue machache.

Chakula. Wiki za kukusanya kodi, mboga inapungua, maziwa yanaondoka, uji unakuwa mwepesi. Kwenye kadi ya mtoto mstari wa uzito unalala. Tunamuuliza mama, alikuwa anaumwa? Hapana. Tulikuwa tunatafuta kodi.

Msongamano. Baba, mama, watoto watatu, dada wa kazi, chumba kimoja na dirisha moja lililozibwa kwa pazia. Akiingia mtu mwenye kifua kikuu, wote wanavuta hewa ileile. Mtoto wa chini ya miaka mitano akiishi na mgonjwa wa kifua kikuu mlete apimwe, na akionekana hana ugonjwa zipo dawa za kumkinga.

Mkaa. Juni na Julai upepo wetu unakata. Familia ya chumba kimoja inaingiza jiko ndani, inafunga mlango. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Hili linaua, na linaua familia nzima kwa usiku mmoja. Jiko libaki nje, hata kama ni baridi.

Maji. Ukisukumwa pembeni ya mji, unasukumwa mbali na bomba. Visima vya Mzakwe vimeilisha Dodoma kwa miaka mingi, ila mji umekua kuliko maji. Mama anayenunua maji kwa dumu anabania kwenye kunawa, si kwenye kupika. Hapo ndipo kuhara kunapoingia, na macho ya watoto yanapoanza kuuma, yaleyale ya enzi za tembe.

Kuhama. Chanjo ya surua na rubela inatolewa miezi 9 na inarudiwa miezi 18. Katikati hapo familia nyingi zimehama mara moja au mbili. Ile ya pili ndiyo inayosahaulika. Na mama aliyejifungua juzi akihamishwa, siku 84 za likizo ya uzazi zinaishia kwenye kubeba vyombo.

SEHEMU YA 8: Kabla hujatoa hela

Sheria ya kupanga bei haipo, lakini hujaachwa mikono mitupu kabisa.

Andikishaneni. Hata kwenye karatasi ya daftari: majina, chumba, bei, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipia maji, umeme na taka. Shahidi asaini, ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa. Baba na mama wote majina yawepo. Ndoa ikiyumba au baba akisafiri, mama asiambiwe "mimi nilipangisha mumeo."

Lipa kwa njia inayoacha alama. Muamala wa simu au risiti.

Omba kugawanya. Usione aibu kusema, "Mama, miezi mitatu naweza leo, mitatu mingine tarehe fulani." Kuna wanaokubali wakiona umejiandaa.

Notisi. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, inahusu na wapangaji. Kama hamkuandika muda wala notisi, notisi isiwe fupi kuliko kipindi mnacholipia kodi. Unayelipa kwa mwezi, ni mwezi. Kutolewa vyombo nje asubuhi kwa hasira si notisi. Mgogoro ukitokea, anzia kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu Baraza la Kata kwa usuluhishi, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kodi za serikali. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ni ya mwenye nyumba, sema naye mapema ikatwe kwenye pango lako. Mwaka 2022 pia sheria ya fedha ilimtaka mpangaji akate asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Nayo ni kodi ya mwenye nyumba, isigeuke nyongeza juu yako. Liandikeni kwenye mkataba.

Ukikagua chumba, usiangalie vigae tu. Dirisha linafunguka? Upepo unapita? Choo mko familia ngapi? Maji yanatoka siku gani? Kituo cha afya kiko umbali gani usiku?

Ukihama, kadi ya kliniki isafiri mkononi mwako, isiwekwe kwenye lori na masufuria. Kituo chochote cha serikali kitampokea mtoto na chanjo ni bure. Huna haja ya kurudi mtaa wa zamani. Wiki ya kwanza, jitambulishe kwa mjumbe na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Na kwa wenye nyumba mnaonisoma, najua mpo: mpangaji mwenye kichanga akikuomba miezi miwili badala ya sita, mfikirie. Kurudi kwenye sheria iliyobana kila kitu sidhani ndiyo dawa, tuliiona ilivyotufikisha. Ila kikomo cha miezi ya kudai mbele, na vyumba vya bei ndogo kwenye miradi ya umma, ni mambo ya kuwauliza madiwani na wabunge wakija kwenye mikutano. Muwaulize kwa sauti. Wale mama wa Glasgow hawakuwa na kitu zaidi ya sauti na masufuria.

Kwenye maoni hapo chini niandikieni: umehama mara ngapi tangu upate mtoto wa kwanza, na mwenye nyumba alidai miezi mingapi? Usitaje jina la mtu, taja mtaa tu. Wiki ijayo tutaongelea jiko la mkaa na baridi ya Julai, kwa urefu. Usiku mwema, na mtoto alale upande wa dirisha linalopitisha hewa.